Stauti tamu nyanda za juu: si ya moto, si ya baridi

Kwenye baa nyingi, kuanzia Mafinga mpaka Tukuyu, mhudumu anauliza jambo moja kabla hajafungua chupa: ya moto au baridi? Kwa bia nyepesi swali hilo linatosha. Kwa stauti tamu, yaani bia nyeusi yenye utamu, hasa hizi za viwanda vidogo ambazo chupa moja inakula bei ya chupa kadhaa za kawaida, majibu yote mawili ni hasara. Ikitoka frijini moja kwa moja, nyuzi 4 hivi, harufu haipandi na ulimi unapata gesi na uchungu tu. Ikiwa ya moto wa mchana wa mwezi wa kumi, nyuzi 23 au 24, utamu unanata mdomoni na kilevi kinapiga puani. Inatakiwa kati ya nyuzi 10 na 13. Hapo ndipo kahawa, kakao na sukari guru vinapojitokeza bila kugombana, na kwa bahati nzuri hilo ndilo joto ambalo Mbeya, Njombe na Makete vinalitoa bure miezi kadhaa ya mwaka.

Unachonunua

Weusi wa stauti kwa kawaida unatokana na shayiri na kimea vilivyokaangwa kwenye moto wa zaidi ya nyuzi 200 mpaka vikawa karibu na kuungua. Ladha ya kahawa na chokoleti inatoka hapo hapo. Chupa nyingi zinazonukia chokoleti hazina hata punje ya kakao ndani. Utamu una chanzo kingine. Hamira ya bia inakula sukari ya kimea na kuigeuza kilevi na gesi, lakini sukari ya maziwa, yaani laktosi, haiwezi kuila. Laktosi ikitiwa kwenye sufuria wakati wa kupika, inabaki yote mpaka kwenye glasi yako. Kampuni ya Mackeson ya Hythe, huko Kent nchini Uingereza, ilianza kuuza bia ya namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, na wengine wakafuata.

Usitarajie utamu wa soda. Laktosi ina karibu moja ya sita ya utamu wa sukari ya mezani, na kiasi kinachotiwa huwa kama gramu 12 hadi 24 kwa lita. Kazi yake kubwa ni kuipa bia uzito mdomoni na kufunika makali ya shayiri iliyoungua.

Lebo zimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo jua pa kutazama. "Milk Stout" au "Sweet Stout" ndiyo tunayoizungumzia. "Oatmeal Stout" imepikwa na oti, ni laini lakini utamu wake ni mdogo. "Imperial Stout" ni nzito, mara nyingi asilimia 8 hadi 12 ya kilevi, na utamu wake unatokana na kimea kingi ambacho hamira haikukimaliza. "Pastry Stout" imetiwa vanila, nazi au kakao, na nyingine zimezidishwa mpaka ukinywa unahisi unakula keki; nusu chupa inatosha. "Dry Stout" ni kavu, iache kwa siku nyingine. Guinness ya chupa iliyozoeleka baa zetu nayo ina makali na uchungu wake, hivyo usiifanye kipimo cha stauti tamu. Kama hujawahi kabisa kunywa ya aina hii, anza na Castle Milk Stout. Ni ya kiwanda kikubwa, lakini bei yake inakuruhusu kujifunza joto na kumimina kabla hujatoa hela ya chupa iliyosafiri kutoka mbali.

Dukani tazama tarehe kwanza. Stauti tamu ya asilimia 5 au 6 haizeeki vizuri, inywe ndani ya miezi sita tangu ijazwe. Imperial ya asilimia 9 na kuendelea inaweza kukaa mwaka au zaidi na ikazidi kulainika. Kisha tazama ilipokuwa imewekwa. Kreti iliyokaa kwenye kibaraza inayopigwa jua la saa nane usiiguse, hata kama tarehe bado. Chupa nyeupe au ya kijani inapitisha mwanga unaoharibu hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na kuleta harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa, na kopo linazuia wote. Kizibo chenye kutu ukingoni au chupa iliyopungua shingoni kuliko wenzake, rudisha.

Chupa iliyotoka Dar

Stauti nyingi za viwanda vidogo zinafika huku zikiwa ndani ya buti la basi. Njia ni zaidi ya kilomita 800 mpaka Mbeya, na kabla ya kupanda Kitonga kuna saa nyingi za joto la Morogoro, Mikumi na Ruaha Mbuyuni. Anayekutumia mwambie aifunge ndani ya nguo au magazeti, ikae wima, na gari liwe la usiku ikiwezekana.

Ikifika usiifungue siku hiyo. Iweke wima mahali penye giza kwa saa 24, na kama ni ile yenye hamira chini ya chupa, siku mbili. Mtikisiko umetawanya vipovu vidogo na machicha ndani ya bia, na kila kimoja ni mahali pa gesi kutokea kwa fujo. Halafu kuna suala la mwinuko. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku inakandamiza pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Ukifungua chupa, gesi inatoka kwa nguvu zaidi na povu linapanda juu kuliko ambavyo lingepanda Kariakoo. Njombe, iliyo juu zaidi, ndiyo kabisa. Wengi wakiona povu linafurika wanadhani bia imeharibika, kumbe ni mwinuko na haraka.

Sehemu ya kuhifadhi iwe sakafu ya simenti, kwenye kona isiyo na dirisha. Juu ya friji ni mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba kwa sababu injini yake inatoa joto usiku na mchana. Chumba cha bati kisicho na dari nacho kinapanda na kushuka mno kila siku.

Kuipata nyuzi 10 hadi 13

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane hakuna kazi. Usiku wa Mbeya unashuka chini ya nyuzi 10, na chupa iliyolala kwenye sakafu ya stoo inaamka asubuhi ikiwa na nyuzi 12 hadi 14. Ichukue saa moja asubuhi, ivishe blanketi au uifunge ndani ya sweta, na itachelewa kupanda joto mchana. Blanketi halipashi chupa moto. Linachelewesha joto la mchana kuingia. Makete na Njombe kwenye baridi kali unaweza hata kulazimika kuileta sebuleni nusu saa kabla.

Miezi mingine tumia friji, lakini kwa saa. Chupa ya ml 330 iliyotoka kwenye nyuzi 4, ukiiweka mezani chumba kikiwa na nyuzi 22 au 23, inahitaji kama dakika 30 kufika 10. Chumba kikiwa na nyuzi 18, hesabu dakika 45 hadi 50. Chupa ya ml 500 iongezee robo saa. Usiikimbize kwa maji ya moto: bia iliyo karibu na kioo inapata joto kabla ya ile ya katikati, gesi inachachamaa, na ukifungua inakuvaa.

Huna friji? Kiangazi, mwezi wa nane hadi wa kumi, hewa ya Mbeya na Iringa ni kavu na kuna upepo. Chukua soksi safi ya pamba, ilowanishe, ivalishe chupa, iweke dirishani kwenye kivuli palipo na upepo, na uiloweshe tena ikianza kukauka. Maji yakivukizwa yanaondoka na joto, na ndani ya saa moja na nusu chupa itakuwa imeshuka nyuzi kadhaa chini ya joto la chumba. Tukuyu njia hii haina maana. Hewa imejaa unyevu na soksi inabaki mbichi mpaka kesho. Kule tumia ndoo ya maji yaliyotoka bombani alfajiri.

Baa kuna ujanja wa watu wawili. Mwambie mhudumu: "Dada, naomba moja ya moto na moja baridi, na glasi mbili." Kila glasi ipate nusu ya moto na nusu baridi. Nyuzi 20 na nyuzi 4 zikichanganywa sawa kwa sawa zinatoa 12. Anza na ya moto, mimina taratibu kwa sababu ndiyo yenye povu jingi, kisha malizia na ya baridi. Mhudumu atakushangaa mara ya kwanza. Ya pili ataleta bila kuuliza. Ukiwa peke yako, agiza baridi, ifunguliwe, halafu kula kwanza.

Usiweke stauti kwenye frizeri ukasahau. Bia ya kawaida inaanza kuganda nyuzi mbili au tatu chini ya sifuri, na ikiganda inatanuka mpaka chupa inapasuka. Isipopasuka, gesi imeshachoka na povu halitasimama.

Glasi na mkono

Glasi bora ni ile ya mvinyo yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo. Inashika harufu, na ukiikumbatia kwa viganja unaweza kuongeza nyuzi moja au mbili kama bia bado ina baridi. Glasi fupi pana ya maji ni ya pili. Kikombe cha bati au cha plastiki kinakunyima rangi ya povu, na cha plastiki mara nyingi kina harufu ya kilichotangulia.

Mafuta ndiyo adui wa povu. Glasi iliyoshikwa na mkono uliotoka kwenye chipsi, au iliyooshwa kwenye beseni moja na sahani za kitimoto, itaua povu ndani ya nusu dakika. Ioshe peke yake kwa sabuni kidogo, isuuze mara mbili kwa maji yanayotiririka, uiache ijikaushe ikiwa imepinduliwa; taulo la jikoni linarudisha mafuta na manyuzi. Kupima ni rahisi: ilowanishe ndani. Maji yakitandaa sawasawa, ni safi. Yakikatika katika matone, rudia. Ukishamimina bia na ukaona vipovu vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi, hapo pana uchafu.

Sasa mimina. Fungua chupa ikiwa imesimama mezani, bonyeza opena taratibu ili gesi itoke kwanza kwa mluzi mdogo, subiri mpaka povu la shingoni litulie. Inamisha glasi nyuzi 45, bia iteremke ubavuni, mpaka glasi ifike theluthi. Simamisha glasi, pumzika kama dakika moja. Pwani watu wanamimina mara moja hadi mwisho. Huku ukifanya hivyo utapata nusu glasi ya povu. Baada ya kupumzika mimina tena katikati, polepole, povu lisimame sentimita 2 au 3. Ishia theluthi mbili ya glasi. Nafasi iliyobaki ndiyo inayokusanya harufu.

Rangi ya povu inakwambia mengi: stauti nzuri ina povu la kahawia hafifu, rangi ya chai ya maziwa. Povu jeupe pee maana yake shayiri iliyokaangwa ni kidogo na bia itakuwa na maji mengi kuliko ilivyoahidi.

Kama chini ya chupa kuna tope, acha sentimita moja ya mwisho. Ni hamira, haina sumu, ila inaleta ladha ya unga mbichi na gesi tumboni.

Makopo yenye naitrojeni yana taratibu zake kinyume na haya yote. Ndani yake mara nyingi kuna kijidude kama mpira mdogo. Ukifungua, kinarusha gesi na kuzalisha povu zito kama malai. Kopo hilo lipoe kabisa, saa tatu frijini au zaidi, kwa sababu likifunguliwa likiwa na joto linafurika meza nzima. Kisha limwage kwa nguvu moja kwa moja katikati ya glasi kubwa inayopokea kopo zima. Utaona mawimbi ya kahawia yakishuka na weusi ukijitenga chini. Subiri yatulie, ndipo unywe. Kwa hayo nyuzi 6 hadi 8 zinafaa, maana naitrojeni haichomi ulimi.

Kunywa kwenyewe

Zungusha glasi kidogo, nusa mara mbili fupi badala ya moja ndefu, kwa kuwa pua inachoka haraka. Funda la kwanza liwe dogo, la kusafisha mdomo tu, usilihukumu. La pili lijaze ulimi, likae sekunde tatu, meza, halafu toa pumzi kwa puani mdomo ukiwa umefungwa. Hapo ndipo kakao inapotokea, na wengi wanaikosa kwa sababu wanameza na kuanza kuongea.

Unachotafuta ni mpangilio: utamu utangulie, uchungu wa kukaangwa ufuate, kisha mdomo ubaki mkavu kidogo ukidai funda jingine. Utamu ukibaki peke yake mpaka mwisho, aidha bia ni ya moto mno au mpishi amezidisha laktosi. Onja tena baada ya dakika kumi. Stauti tamu inabadilika kadiri inavyopata joto, na robo ya mwisho ya glasi mara nyingi ndiyo bora kuliko zote.

Ml 330 kwa mtu mmoja ni dakika 40 za kukaa. Angalia pia hesabu: chupa ya ml 330 yenye asilimia 9 ina kilevi sawa na ml 500 yenye asilimia 6, ingawa moja inaonekana ndogo na utamu unaificha. Funguo za gari na za bodaboda zibaki nyumbani.

Cha kutafuna

Kitimoto cha kuchoma au rosti ndiyo mwenzake wa kwanza. Mafuta yanalainisha uchungu, sehemu iliyoungua inakutana na shayiri iliyoungua, na utamu unafanya kazi ambayo ndizi za kuchoma zingefanya pembeni. Mbuzi choma inakwenda, ila limao liwe kidogo: ukali wa limao unaifanya stauti ionekane chachu. Pilipili nayo kiasi, kwa sababu kilevi kinaichochea. Chumvi ni rafiki. Karanga za kukaanga zenye chumvi zinapunguza uchungu na kuuinua utamu kwa bei ya kutupa.

Jibini ngumu ya Njombe iliyokaa muda, ikikatwa vipande vyembamba na kuachwa nje ya friji nusu saa, inaweza kuwashangaza hata wasiopenda bia. Parachichi halifai, ladha yake inazama. Samaki mbasa wa Kyela mwache na bia nyepesi. Kwa mwisho wa mlo, chokoleti nyeusi ya asilimia 70 hivi. Ya maziwa inaongeza utamu juu ya utamu na vyote vinachosha.

Ikiwa na kasoro

Harufu ya boksi lililoloa maji, au ladha kama ya sosi ya soya, ni hewa na joto: bia imezeeka. Uchachu mkali pamoja na povu lisilokoma hata baada ya kupumzisha chupa siku mbili ni bakteria au hamira ya mwituni, mwaga. Harufu ya siagi ya bisi kidogo inavumilika, ikitawala ni hamira iliyokatishwa kazi. Tufaha bichi ni bia iliyotolewa kiwandani kabla ya wakati. Ladha ya chuma mara nyingi inatoka kwenye kizibo chenye kutu, kwa hiyo futa mdomo wa chupa kwanza uonje tena kabla ya kulalamika dukani.

Tumbo likijaa na kuunguruma saa moja baada ya chupa, mtuhumiwa ni laktosi. Watu wazima wengi kwetu hawaisagi vizuri. Chupa ya ml 330 inaweza kuwa na gramu 4 hadi 8, wakati kikombe cha ml 250 cha maziwa freshi kina kama 12. Anayekunywa maziwa freshi bila shida hatahisi kitu. Anayeweza mtindi tu aanze na nusu chupa pamoja na chakula, au ahamie Imperial isiyotiwa laktosi.

Na ile imani kwamba stauti inaongeza damu iachwe. Madini ya chuma yaliyomo ni kidogo mno, na mjamzito hapaswi kuigusa kabisa.

Iliyobaki usiku haitanyweka kesho, gesi imekwisha. Ifunike, iweke frijini, na siku ya pili tumia ml 200 kwa nusu kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa: kaanga nyama mpaka iwe kahawia, kitunguu na nyanya, mimina stauti, acha ichemke wazi dakika kumi ndipo uongeze maji na ufunike. Usitie kabla nyama haijapata rangi, wala usiifanye ndiyo maji yote ya mchuzi; ikikauka sana uchungu wa kuungua unabaki chini na sukari haiwezi kuuokoa.